Pikapu ya dizeli iliyotumika: lala chini yake kabla hujafungua boneti

Mpwa wangu wa Wete, Pemba, kanipigia juzi usiku, anataka pikapu. Kapata pesa za karafuu kidogo na zengine wamechanga na kaka yake, wanataka gari ya kubebea saruji na mawe siku za kazi na siku nyengine iwavutie boti yao ya faiba wakitaka kuipandisha juu. Kashaona moja Chake, nyeupe, dabo kebini, rimu zinang'ara, kanitumia picha kumi na mbili na zote kumi na mbili za juu, ya chini hata moja hakuna. Nikamwambia mjomba subiri, usitoe hata shilingi. Nikaanza kumuelezea kwa simu mpaka salio likaisha, ndo nikaona bora niandike yote, maana si yeye peke yake, kila baada ya muda kuna mtu ananiuliza haya haya.

Mie nimeshanunua pikapu nne mpaka leo. Nimebeba matofali, mchanga, barafu ya samaki, mwani mkavu wa Paje na Jambiani, na nimevuta boti kutoka pwani za kaskazini mpaka Mjini kwa mafundi. Kwa hivo ninayoyasema hapa mengi nimeyashika kwa mkono.

Piga hesabu ya mzigo kwanza

Kabla hujataja Hilux wala Land Cruiser kaa uandike mzigo wako kwa kilo. Watu wanasema "nabeba mizigo ya kawaida" lakini ukiwauliza kilo ngapi hawajui. Mfuko wa saruji kilo 50, kwa hivo mifuko 20 ni tani nzima. Maji lita moja ni kilo moja, tangi la lita 1000 likijaa hiyo tani nyengine. Mchanga mkavu meta moja ya ujazo ni kama tani moja na nusu na ukiwa mbichi unazidi, yani bodi ya singo kebini ukiijaza mchanga mpaka ukingoni umeshapita tani mbili na gari yenyewe imetengenezwa kubeba kama tani moja tu, na kwenye hiyo tani moja umo wewe dereva, yumo utingo, na wamo wale jamaa wawili mliowapa lifti.

Ndo maana mie kwa mtu wa kazi namwambia achukue singo kebini kama anaweza kuvumilia. Dabo kebini bodi yake fupi na sehemu kubwa ya mzigo inakaa nyuma ya ekseli, ukizidisha kidogo tu chasisi inapinda mgongo pale baina ya kebini na bodi. Utaijua iliyopinda hata hujalala chini, simama ubavuni uangalie ule mwanya wa kebini na bodi, kama juu umefunguka na chini umebana, gari hiyo imeshabebeshwa mno na chasisi imelala. Ondoka.

Kuvuta nako kuna hesabu yake. Trela isiyokuwa na breki zake, vitabu vya hizi pikapu vingi vinasema mwisho kilo 750. Trela yenye breki ndo inaruhusiwa zaidi, Hilux Vigo za dizeli nyingi ziko kwenye tani mbili na robo mpaka mbili na nusu, na Land Cruiser ya pikapu ya 79 na baadhi ya Hilux na Isuzu D-Max mpya zinafika tani tatu na nusu. Sasa tuambizane ukweli, trela zetu za boti hapa nyingi zimechomelewa na fundi wa mtaani na breki hazina. Na boti ya faiba ya meta saba ukiitia injini mbili za farasi 40, hizo injini peke yake ni kama kilo 150, na mafuta, na nyavu mbichi, na chuma cha trela yenyewe, hizo kilo 750 umezipita zamani. Gari itavuta tu, dizeli ina nguvu, kuvuta si tabu, tabu ni kusimama. Kwa hivo kama boti yako nzito, kwenye hesabu ya gari tia na pesa ya kuitia trela breki, au ukubali kuivuta kutoka ufukweni mpaka juu ya mstari wa maji tu na usiingie nayo barabara kubwa.

Na mzigo ule wa trela, kama sehemu moja ya kumi yake ikae juu ya mpira wa kuvutia, ile tufe ya chuma nyuma ya gari. Ikiwa kidogo zaidi trela inaanza kuyumba mkia, ikizidi sana gari inakaa nyuma na tairi za mbele zinakuwa nyepesi, stelingi haikamati. Unasogeza boti mbele au nyuma kwenye trela mpaka ikae sawa. Na ule uzito unaokaa kwenye mpira nao unahesabiwa kwenye ile tani moja ya gari, usiusahau.

Lala chini

Hapa ndo nataka uwe na mimi kuliko kwengine kote. Visiwani kwetu kinachoua pikapu ni chumvi. Injini ikifa unanunua nyengine iliyotumika inafungwa gari inatembea, gia boksi hivo hivo, kebini inanyooshwa na kupigwa rangi. Chasisi ikioza gari imekwisha, maana kila kitu kimefungwa juu yake na namba ya gari yenyewe imegongwa humo humo kwenye hicho chuma, ukitaka kuibadilisha umeanza kesi nyengine ya karatasi.

Gari yangu ya pili niliinunua imepakwa rangi nyeusi chini kote, muuzaji akanambia ni ya kuzuia kutu na mie nikafurahi nikaona huyu mtu anaitunza gari yake. Mwezi wa tano tokea niinunue tunatoka Matemwe na boti nyuma, tukapita kwenye tuta, nikasikia mlio kama mti unavunjika na gari ikakaa upande. Pale springi ya nyuma inapofungwa kwenye chasisi, kile kishikio kimetoka na kipande cha chasisi, ndani maganda matupu unayamenya kwa mkono, nje walibandika bati wakatia puti juu wakapaka ile rangi. Trela ilichomoka kwenye mpira, kilichoizuia ni mnyororo. Hakuna aliyeumia alhamdulillahi, lakini nyuma yetu ilikuwa inakuja gari ya shamba imejaa watu na watoto wa skuli. Mpaka leo nikiikumbuka ile gari ya shamba moyo unanienda mbio.

Kwa hivo ukienda kuangalia gari chukua mkeka, tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Mwambie mwenye gari mapema kwamba utagonga chini, akikataa umeshapata jibu lako. Lala, anza nyuma uende mbele, gonga kidogo kidogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa kama unagonga mbao mbichi. Gonga pale springi zinaponing'inia mbele na nyuma, gonga pale chasisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma maana pale ndo mchanga unakaa na maji hayatoki, gonga palipofungwa chuma cha kuvutia trela, na ile fremu inayoshika gia boksi. Kutu ya juu juu nyekundu kama vumbi haina neno, kila gari hapa inayo. Inayotoka magamba kama kitunguu hiyo ni maradhi.

Chasisi ya pikapu ni bomba la ndani tupu na ina matundu matundu, ingiza kidole au mulika. Ukitoa mchanga mweupe wa pwani, basi gari hiyo imeshaingizwa baharini, aseme asemavyo muuzaji. Na rangi nyeusi mpya chini mie siku hizi naiogopa kuliko kutu, kutu unaiona. Ukikuta imepakwa, kwangua kwa bisibisi sehemu tano sita, na kama kuna kiraka cha bati kimechomelewa kata bei sana au uiache.

Ukiwa huko huko chini angalia mabomba ya breki ya chuma yanayopita juu ya ekseli, yakiwa yamevimba kutu yatapasuka siku utakayokanyaga kwa nguvu. Angalia majani ya springi, yakiwa bapa au yameongezwa majani mengine ya gari kubwa, jamaa alikuwa anabeba kupita kiasi. Na ile valvu ya breki ya nyuma yenye kijiti kinachokwenda kwenye ekseli, ile inapunguza na kuongeza breki kutokana na mzigo, itikise, nyingi hapa zimeganda kwa kutu na watu hawajui hata kazi yake, halafu wanashangaa gari ikiwa na mzigo haisimami.

Chengine cha chini ni difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli. Mwambie fundi alegeze boliti ya oili ya difu ya nyuma na ya mbele, adondoshe kidogo. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Sababu yake hii: difu ina bomba dogo la kupumulia, gari imetoka mbali difu ina moto, unarudi nyuma baharini kushusha boti, difu inapoa kwa ghafla na inavuta kwa ndani, na kama lile bomba limekufa au fupi linavuta maji ya chumvi. Hapo beringi zinaanza kuliwa kimya kimya, miezi sita baadae unasikia mvumo.

Injini gani

Watu wanabishana Hilux na Isuzu usiku kucha lakini kwangu mie swali la mwanzo ni pampu. Kuna dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida ya kimekanika, na kuna za kisasa zenye reli moja ya mafuta na nozeli za kurushia mafuta zinazoendeshwa na kompyuta. Za zamani hazina mbio lakini zinavumilia na fundi yeyote wa Kwahani au Machomane anazifungua. Za kisasa zina nguvu zaidi na zinakula mafuta kidogo, ila presha ya mafuta inapita bar 1,300 na kwengine 1,800, tone la maji au uchafu kwenye dizeli unakula nozeli nne kwa mpigo. Kama wewe mafuta yako unanunua kwenye madumu pwani, au unaiba kidogo kwenye yale ya boti, usichukue ya kisasa. Ukichukua, basi jaza sheli moja unayoiamini na ubadilishe filta kabla ya wakati.

Kwa Toyota za zamani utakutana na injini zinazoitwa 2L, 3L na 5L. Hiyo 5L ya 2986cc ndo ninayoipenda kwa kazi ya kisiwa hichi, haina tabo (turbo), haina kompyuta, polepole lakini inafika. 2L na 3L nazo nzuri ila hedi zao, ile sehemu ya juu ya injini, zinapasuka zikichemshwa, uliza kama imewahi kuchemsha na usimuamini, fungua rejeta mwenyewe injini ikiwa baridi. Maji ya rangi ya kutu au yenye mafuta juu ni dalili mbaya.

Vigo zinakuja na 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3. Nguvu zinazo za kutosha kuvuta boti. Ugonjwa wa 1KD unaojulikana ni washa za shaba chini ya nozeli, zikivuja moshi wa ndani unapita unachafua oili, masizi yanaziba chujio la chini kwenye sampu, bakuli la oili, oili haipandi na injini inakufa bila kukuaga. Na baadhi ya hizo 1KD zina sifa ya pistoni kupasuka. Kwa hivo ukiikuta 1KD muulize muuzaji lini nozeli zilitolewa na washa zikabadilishwa, na sikiliza ikiwa baridi, ikigonga kwa nguvu kama mtu anapiga bati usiichukue.

Hizi zote nilizotaja za Toyota, na 1HZ ya Land Cruiser pia, zinatumia taiming belti ya mpira. Mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Kwa nyingi taa ya T-BELT inawaka kwenye dashibodi ukifika wakati, lakini taa inazimwa kwa sekunde chache na mkanda ukabaki ule ule. Kama hakuna risiti ya kubadilisha mkanda, wewe hesabu haujabadilishwa. Hilux za kuanzia 2015 zenye 1GD na 2GD, na D-Max zenye 4JJ1 ya lita 3, zinatumia cheni.

Hiyo 4JJ1 kwa kuvuta ni injini ya maana kabisa, mie kama ningekuwa na pesa ya kuchagua leo ningetafuta D-Max ya mkono wa mtu mmoja kabla ya Vigo. Spea zake hapa si nyingi kama za Toyota lakini hazikosekani, na Dar zipo siku hiyo hiyo. Mitsubishi L200 yenye 4D56 inavuta vizuri, ila hedi yake haipendi joto, na ina mikanda miwili, mmoja mdogo wa ndani ukikatika unakwenda na mkubwa, badilisha yote pamoja. Nissan za zamani zenye TD27 ni ngumu kufa, zinatumia gia badala ya mkanda, tatizo ni kuipata yenye chasisi nzima. Nissan Navara za YD25 za mwanzo cheni zao zinalegea, na zile za D40 zilizotumika Uingereza zinajulikana kwa chasisi kuoza na kukatika katikati. Mie siigusi.

Land Cruiser singo kebini ya 1HZ, silinda sita, 4164cc bila tabo, hiyo ukiipata nzima na pesa unayo, chukua ulale. Bei yake inauma na dizeli inakunywa, lakini ndo gari utakayomuachia mwanao. Ukikuta wameifunga tabo ya pembeni uliza sana, injini ile haikutengenezwa kwa tabo na hedi zake zinapasuka.

Imetoka wapi

Madalali wetu kila kitu "kimetoka Japani". Sasa shika hii: Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, wakarudi kuiuza huko 2017 na hiyo yenyewe inatengenezwa Thailand. Kwa hivo mtu akikwambia hii Vigo ya 2009 imetoka Japani haijatumika popote, ama hajui au anakudanganya, gari hiyo imetoka Thailand au Afrika Kusini au Australia au Uingereza, kote huko stelingi iko kulia kama kwetu. Na Land Cruiser ya 79 waliyoiuza Japani mwaka 2014 na 2015 ni ya petroli ya V6, kama unatafuta dizeli siyo hiyo.

Mbona nayang'ang'ania haya? Kwa sababu gari ya Uingereza imepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kila baridi ikija, inakuja kwetu imeshaanza kuoza na sisi tunaiongezea bahari. Za kaskazini ya Japani, Hokkaido kule, hivo hivo. Za Thailand hazina theluji lakini 2011 kulikuwa na mafuriko makubwa sana huko na magari mengi yalizama, inua mazulia, nusa, angalia matope makavu nyuma ya dashibodi na kwenye reli za viti. Kilomita kwenye dashibodi mie siziangalii kabisa. Naangalia raba ya pedeli ya klachi, stelingi pale mkono unaposhika, na siti ya dereva upande wa mlangoni. Saa imeandika kilomita elfu 90 na pedeli imelika mpaka chuma, mmoja kati yao muongo.

Kuiwasha

Mwambie mwenye gari asiiwashe mpaka ufike. Ukifika gusa injini kwa mkono, ikiwa na vuguvugu uliza kwa nini. Nchi yetu hii asubuhi ni digrii 23, 24, hakuna baridi ya kuisingizia, dizeli nzima hapa inawaka kwa mzungusho mmoja au miwili. Ikihangaika na kutoa moshi mweupe mwingi, ama gloplagi (plagi za kupashia moto) zimekufa ama kompreshani imechoka. Moshi mweupe unaoendelea hata ikipata moto na maji yanapungua, hedi. Moshi wa bluu inakula oili. Mweusi ukikanyaga sana na mzigo mzito kidogo si neno kwa hizi za zamani, lakini ukiwa mzito kama wa jiko la makumbi, pampu au nozeli au filta ya hewa.

Halafu injini ikiwa inazunguka fungua kifuniko cha kutilia oili, kipindue ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikikaa kinatikisika kidogo sawa. Kikirushwa na moshi unapuliza kama birika, ringi zimekwisha na hiyo injini ni ya kufunguliwa.

Klachi unaijua hivi, vuta hendibreki, tia gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini ikizimika klachi nzima. Ikiendelea kuzunguka, pesa hiyo. Kisha peleka gari kwenye mlima, Pemba ndugu zangu milima munayo, ile njia ya Mkoani kuja Chake inatosha kabisa, Unguja nenda Masingini. Ipandishe na gia kubwa uisikie inavuta vipi, angalia mshale wa joto haupandi, na ukifika juu geuza uteremke bila kukanyaga mafuta halafu ukanyage ghafla ukiangalia kwenye kioo moshi gani unatoka. Ukipata mtu wa kukukopesha mzigo tia hata mifuko kumi ya saruji, gari tupu zote zinakwenda vizuri.

Fo wili usijaribu kwenye lami, tafuta mchanga. Tia ya juu, tia ya chini, rudi nyuma, kata kona. Ile gia ya chini ndo utakayotolea boti siku ya bamvua mchanga ukiwa laini, ukiwa huna utaunguza klachi mwezi wa kwanza. Nimeshakuta pikapu kijiti cha fo wili kipo, taa inawaka, na propela shafti ya mbele imetolewa haipo. Lala chini uione.

Chuma cha kuvutia kiwe kimefungwa kwa boliti kwenye chasisi pande zote mbili. Kilichochomelewa kwenye bampa tu kitoe. Mpira wa milimita 50 ndo wa kawaida, upime na trela yako, nimeona watu wanatumia mpira mdogo kwenye kikombe kikubwa cha trela na inakaa vizuri tu mpaka tuta la kwanza. Na minyororo iwe miwili imepishana chini ya mpira, mie ule mmoja uliniokoa lakini ningekuwa na miwili isingechora lami.

Karatasi

Namba ya chasisi isome kwenye chuma, Hilux nyingi iko upande wa kulia karibu na tairi ya mbele, ilinganishe na kadi herufi kwa herufi, na namba ya injini pia. Ikiwa pametiwa grainda au namba hazikai mstari mmoja, rudi nyumbani. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awepo mwenye jina. Nenda nae ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, mukaulize kama gari haina deni na haijashikwa, kabla pesa haijatoka mkononi. Kama gari ina namba za T za Bara na unataka kuileta huku, au ya Z ya huku Zanzibar na unataka siku moja uipeleke Bara, kaulize kodi TRA ya Bara na ZRA kwanza wakwambie jumla, maana hapo watu wengi wamekwama.

Pesa yako usiimalize kwenye gari. Ukiwa na milioni 30 tafuta ya 25, zilizobaki zina kazi wiki ya kwanza: oili zote pamoja na za difu na gia boksi, filta, maji ya rejeta, taiming belti kama haina risiti, betri, tairi. Lile bomba la kupumulia la difu refusha kwa mpira ulipandishe mpaka juu kwenye bodi, ni kazi ya nusu saa. Na kila ukitoka pwani, hata umechoka vipi, pitisha maji baridi yasiyo na chumvi chini dakika kumi, ndani ya chasisi kwenye yale matundu, nyuma ya rimu, na kwenye breki za ngoma. Kila miezi michache mwambie fundi arushe oili chakavu ndani ya chasisi kwa pampu, ila iweke mbali na breki na mipira.

Ile nyeupe ya Chake hatujaiacha bado. Alhamisi napanda boti nakwenda, nshamwambia mpwa wangu atafute mkeka na tochi, na mwenye gari nimempigia mwenyewe, nimemuomba asiiwashe asubuhi mpaka tufike.